Nyumba Moja, Kodi Nne

Barua pepe kutoka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, iliingia Februari 2024, nikiwa katika chumba cha walimu na rundo la madaftari ya Kidato cha Tatu mbele yangu. Iliniomba vitu vitatu: cheti cha riba kutoka benki, mikataba ya wapangaji wangu, na mchoro wa jengo unaoonyesha sehemu ninayoishi mimi mwenyewe. Niliisoma mara mbili, kisha nikaiweka simu kifudifudi mezani. Nilikuwa nimeomba kurudishiwa shilingi 180,000 za kodi ya miaka ya 2021 na 2022, na tayari nilikuwa nimekopa 150,000 kwenye sacco nikajenga ukuta na kuweka geti, nikiamini kwamba zile pesa zikirudi nitaufuta mkopo kwa mkupuo mmoja.

Hazikurudi. Ninaandika haya kwa sababu hapa Kiamunyi, na kote Nakuru tangu iwe jiji Desemba 2021, ninaona majengo kama langu yakisimama kila uchao: duka chini, mwenye nyumba juu, vyumba vya kupangisha nyuma. Nikizungumza na wenyewe, nasikia makosa yaleyale niliyoyafanya.

Jengo letu liko kwenye ploti ya hamsini kwa mia, si mbali na barabara ya Eldama Ravine. Tulichukua mkopo wa benki mwaka 2019, mafundi wakamaliza mwishoni mwa 2020, na Krismasi hiyo tulikula chapati ghorofani sakafu ikiwa bado saruji tupu. Ghorofa yote ya juu tunaishi sisi. Chini, upande wa barabara, kuna maduka mawili yanayolingana: moja nimempangisha mwenye duka la dawa kwa shilingi 18,000 kwa mwezi, jingine ni langu, ambamo tangu Januari 2022 ninashona na kuuza sare za shule nikiwa na mafundi wawili. Nyuma kuna bedsita nne, kila moja shilingi 7,000. Hati ya ploti na mkopo viko kwa jina langu, kwa hiyo kila kinachoingia kupitia jengo hilo kinahesabiwa juu yangu.

Makosa yalianzia kwenye neno. Katika Kiswahili chetu kodi ni pesa anazonipa mpangaji, na kodi ni pesa ninazoipa serikali. Wapangaji walipoingia Januari 2021, nilikwenda kwa kijana wa saiba mjini anisaidie kujisajili kwa kodi ya mapato ya nyumba, ile ambayo wengi tunaiita MRI. Akaniuliza, "Mwalimu, unapokea kodi ngapi kwa mwezi?" Nikamjibu, "Elfu arobaini na sita." Jibu lilikuwa la kweli: 28,000 za bedsita na 18,000 za duka la dawa. Akapiga asilimia 10, ikawa 4,600, na tangu siku hiyo nikawa ninalipa 4,600 kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi bila kukosa. Nilikuwa na amani kabisa moyoni.

Swali lililohitajika ni hili: nani anakulipa, na humo ndani anafanya nini? MRI ni ya nyumba za kuishi tu. Inatozwa kwenye pesa zote anazolipa mpangaji bila kutoa gharama hata moja, mradi jumla ya mwaka ipite shilingi 288,000 na isizidi milioni 15. Ukishailipa imekwisha, huyaongezi mapato hayo tena kwenye hesabu ya mwaka. Ilikuwa asilimia 10 hadi Desemba 2023, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Duka la dawa si nyumba ya kuishi. Pesa zake huenda kwenye ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato unayowasilisha KRA, unatoa gharama zinazolihusu, kisha kinachobaki kinajumlishwa na mshahara na kukatwa kwa ngazi, asilimia ikipanda kadiri mapato yanavyopanda. Kwa mtu ambaye mshahara wake umeshafika ngazi ya asilimia 30, kama mimi, hilo ni jambo zito.

Kwa hiyo kila mwezi nililipa 1,800 mahali pasipostahili, na wakati huohuo nikaacha kulipa mahali palipostahili. Miezi 36 ya namna hiyo ni shilingi 64,800.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa la riba. Sheria inamruhusu anayelipa mkopo wa nyumba anayoishi kupunguza mapato yake yanayotozwa kodi kwa kiasi cha riba aliyolipa. Kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, na tangu mwisho wa Desemba 2024 kimepanda hadi 360,000. Riba yangu ya 2021 ilikuwa 310,000. Mtu mmoja aliyejitambulisha kama mshauri wa kodi alichukua ada ya 8,000, akajaza 300,000 kamili kwa 2021, akafanya vivyo hivyo kwa 2022. Asilimia 30 ya 300,000 ni 90,000, mara mbili ni 180,000. Nilitia sahihi bila kumuuliza kama mkopo wote ulijenga nyumba ninayoishi. Ninalaumu sahihi yangu kwanza, kwa maana mimi ndiye niliyejua kwamba saruji ya mkopo ule ilijenga pia bedsita na maduka.

Siku tatu baada ya barua ile nilimtafuta dada mmoja tunayeabudu naye ambaye ni mhasibu. Alikuja Jumamosi asubuhi na futi ya fundi mkobani. Nilimkaribisha chai, akasema chai itangoja.

"Mwalimu, nyumba hii ni ngapi?"

"Ni moja, dada."

"Kwa macho ni moja. Hebu twende tuipime."

Tulipima chumba kwa chumba, mume wangu akishika ncha ya futi, mimi nikiandika. Tuliacha ngazi na korido kwa kuwa wote tunazitumia. Duka langu mita 24 za mraba. Duka la dawa mita 24. Bedsita nne, 18 kila moja, jumla 72. Juu tunakoishi, 120. Jumla ni 240. Akageuza kuwa mafungu: duka langu asilimia 10, duka la dawa asilimia 10, bedsita asilimia 30, makazi yetu asilimia 50. Karatasi ile bado iko kwenye faili, na ningekuwa na uwezo ningempelekea kila anayejenga leo, kabla fundi hajamwaga msingi. Ilinigharimu asubuhi moja, na ndiyo iliyojibu karibu kila swali lililofuata.

Hesabu yake ya 2021 ilikwenda hivi. Katika riba ya 310,000, nusu tu, yaani 155,000, ndiyo ya nyumba ninayoishi. Asilimia 10, yaani 31,000, ni ya duka la dawa, na hiyo inatolewa kwenye mapato ya duka la dawa. Fungu la bedsita halitolewi popote, kwa sababu MRI haitambui gharama. Fungu la duka langu la sare nalo halina pa kwenda: mwaka huo nilikuwa bado sijalifungua, na hata nilipolifungua kulikuwa na sababu nyingine, nitaieleza. Duka la dawa liliingiza 216,000. Ukitoa riba ya 31,000 na shilingi 15,000 za rangi, kutengeneza shata na sehemu yake ya ada ya ardhi ya kaunti, zinabaki 170,000. Kodi yake kwa asilimia 30 ni 51,000. Nafuu ya riba ya makazi ni 46,500. Kumbe badala ya kurudishiwa 90,000, mwaka huo nilikuwa ninadaiwa 4,500. Mwaka 2022 ulikuja hivyohivyo, nikadaiwa 6,300.

Nilikaa kimya. Mume wangu aliinuka akaenda kwenye roshani kutazama Menengai, jambo analolifanya akitaka kusema neno zito na kulizuia. Jioni alilisema: kwamba nilikopa kwa pesa ambazo hazikuwa zangu. Alikuwa na haki. Mkopo ule wa sacco tuliulipa kwa miezi 14, na katika miezi hiyo binti yetu wa chuo alihamia chumba cha bei nafuu zaidi, na mimi nikaacha kununua kitambaa kwa jumla, nikawa ninanunua kidogokidogo kwa bei ya juu.

Kilichofuata ni duka langu mwenyewe. Nilidhani kwa kuwa ninauza kwenye jengo langu, na silipi pango kwa mtu, hakuna cha kutangaza. Lakini biashara inahesabiwa peke yake, hata ikiwa mlango wake uko chini ya kitanda chako. Biashara ndogo yenye mauzo yanayopita milioni 1 kwa mwaka inaingia kwenye kodi ya mauzo, TOT. Kiwango kilikuwa asilimia 1, na tangu Julai 2023 kimekuwa asilimia 3, na kikomo cha juu kikashuka kutoka milioni 50 hadi milioni 25. Nayo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo yangu ya 2022 yalikuwa milioni 1.3, kodi 13,000. Ya 2023 yalikuwa milioni 1.4, nusu ya kwanza kwa asilimia 1 na nusu ya pili kwa asilimia 3, jumla 28,000. Sikuwa nimewasilisha hata ritani moja.

TOT hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida, na ndiyo maana nilisema fungu la riba la duka langu halina pa kwenda. Mtu anaweza kumwandikia kamishna wa kodi aondolewe TOT na kutozwa kwenye faida, ambako gharama zinakubalika. Nilishawishika sana. Yule dada akaniketisha, tukapiga hesabu: mauzo ya milioni 1.4 kwa asilimia 3 ni 42,000. Faida yangu halisi, baada ya kitambaa, mafundi, stima na lile fungu la riba, ilikuwa kama 180,000; kwa asilimia 30 ni 54,000. Nikabaki kwenye TOT. Kwa mwenye faida nyembamba zaidi, au asiye na mshahara unaomsukuma ngazi za juu, jibu linaweza kuwa kinyume kabisa, kwa hiyo usiige langu, piga lako.

Mahali tulipobishana ni kile chumba cha tatu ghorofani. Msimu wa Januari, wazazi wanapofurika kutafuta sare, ninakatia vitambaa humo usiku, na marobota yanalala humo. Nilitaka kihesabiwe kuwa cha biashara. Mhasibu akaniuliza, "Mama mkwe akija kutoka Molo analala wapi?" Analala humo. Basi akakataa. Sheria ya mapato inakubali gharama iliyotumika yote, na kwa ajili ya kutafuta mapato tu, na inakataa waziwazi gharama za kujitunza wewe, jamaa yako na nyumba yako. Chumba kinacholaza wageni wa familia ni cha familia, hata mashine ya kushona ikiwa pembeni. Niliona ananionea, lakini siku nilipokwenda ofisini na mchoro wangu, ofisa aliyenihudumia alianza na swali lilelile: "Mwalimu, hapa unaishi wapi hasa?" Nilimwonyesha ghorofa nzima, bila kukata hata chumba kimoja, na mazungumzo yakawa mepesi.

Kazi ya kuchosha zaidi haikuwa kodi yenyewe, ilikuwa kuthibitisha. Kila kitu kilikuwa kimeingia kwenye simu moja: pango la bedsita, la duka la dawa, mauzo ya sare, michango ya matanga, pesa za shemeji za mbolea. Nilikesha usiku tatu na taarifa za M-Pesa za miaka mitatu nikipaka rangi kwa kalamu: kijani wapangaji wa kuishi, bluu duka la dawa, nyekundu sare. Kuna miamala ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nini. Sasa pango linaingia kwenye akaunti yake ya benki, duka lina nambari yake ya till, na simu yangu imebaki ya mambo ya nyumbani. Kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa miaka 5, na kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kama makato. Fundi bomba aliyerekebisha sinki la duka la dawa mwaka huo alinipa risiti ya mkono. Shilingi 6,500 zile sikuweza kuzitoa. Siku hizi nauliza kuhusu ankara kabla hajafungua mkoba wa spana.

Stima nayo. Jengo zima lilikuwa na mita moja. Nilikuwa ninakisia kwamba duka la dawa, lenye friji ya dawa inayonguruma usiku na mchana, linatumia kiasi fulani, tukawa tunavutana kila mwezi. Tuliweka mita za tokeni kwa kila mpangaji na moja ya duka langu. Tungezifanya wakati wa ujenzi, kuta zikiwa wazi, zingetugharimu robo ya tulicholipa.

Kuna jambo moja lililoniokoa, nalo lilikuwa la wakati. Kulikuwa na msamaha wa kodi uliofunguliwa Septemba 2023 hadi 30 Juni 2024: ukilipa kodi halisi ya vipindi hadi Desemba 2022, adhabu na riba zake zinafutwa. Nilirekebisha ritani za 2021 na 2022, nikalipa 10,800 za tofauti na 13,000 za TOT ya 2022, na adhabu zake zikaondoka. Mwaka 2023 haukuwa ndani ya msamaha. Kwa huo nililipa 28,000 za TOT, adhabu ya 1,000 kwa kila mwezi ambao sikuwasilisha, asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu yake. Msamaha ulifunguliwa tena baadaye, hadi 30 Juni 2025, kwa vipindi hadi Desemba 2023, nami nilikuwa nimeshalipa. Sijutii kulipa mapema, maana mwezi Machi hakuna aliyejua kwamba kutakuwa na nafasi ya pili. Zile 64,800 nilizozidisha niliziombea zihamishiwe kwenye madeni mengine, na hilo linawezekana ukiomba ndani ya miaka 5. Zilisaidia kulipa kodi ya duka la dawa ya miaka iliyofuata.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, haikunigusa. Pango la biashara huingia kwenye VAT na la makazi halimo, lakini kujisajili ni lazima pale tu mauzo yanayotozwa VAT yanapofika milioni 5 kwa mwaka. Duka la dawa na sare kwa pamoja havikaribii.

Upande wa kaunti nilikuwa na deni la namna nyingine. Leseni ya biashara nilikuwa nikilipa, lakini ploti yangu iliandikwa ya makazi, na sikuwahi kuomba kubadilisha matumizi yake nilipoweka maduka. Niliamua kujitokeza kabla sijatafutwa. Unahitaji mpangamiji aliyesajiliwa aandike ripoti, tangazo gazetini, kibao mbele ya ploti ili majirani wenye pingamizi waseme, na kwa kuwa hati ilikuwa benki, idhini ya benki. Iligharimu 72,000 na miezi mitano. Jirani mmoja, mzee mstaafu, alikuja na gazeti mkononi akidhani ninajenga baa. Nilimkalisha, nikamwonyesha mashine za kushona, akaondoka na sweta mbili za wajukuu.

Kama una mpango wa kuuza siku moja, weka risiti za ujenzi tangu lori la kwanza la mawe. Kodi ya faida ya kuuza mali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, na gharama ulizojengea ndizo zinazopunguza faida hiyo. Nyumba ya makazi inasamehewa ikiwa mwenyewe ameishi humo mfululizo miaka mitatu kabla ya kuihamisha. Mimi nimeishi ghorofani. Kwenye bedsita sijawahi kulala hata usiku mmoja. Faili la risiti za mawe na mabati nimeliweka pamoja na hati.

Mwezi uliopita mpangaji wa bedsita namba 3, kijana mwenye bidii na anayelipa kwa wakati, alinifuata akitaka kukigeuza chumba chake kiwe kinyozi, kwa kuwa kina dirisha linalotazama njia. Yuko tayari kuongeza 2,000. Zamani ningesema ndiyo papo hapo. Safari hii nilitoa ile karatasi ya vipimo. Mita 18 zingetoka upande wa makazi na kwenda upande wa biashara. Bedsita zingebaki tatu, 21,000 kwa mwezi, 252,000 kwa mwaka, chini ya 288,000. Maana yake ni kwamba si kinyozi peke yake kitakachoingia kwenye ritani ya mwaka. Hata zile tatu zinatoka kwenye MRI ya asilimia 7.5 na kunifuata kwenye ngazi ya asilimia 30, ingawa huko nitaweza kutoa gharama zake na fungu lake la riba. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe mpaka mwisho wa mwezi." Dada mhasibu anakuja Jumamosi, na ameniambia niitafute tena futi.